Valvu za Nizar

Jumanne, 10 Juni
Nimelehemu upya mguu mmoja wa soketi ya pili. Asubuhi nzima, mguu mmoja. Risasi ya siku hizi haishiki, inatoa moshi tu. Lakini kisanduku kimekwisha. Maikrofoni inaingia huku, valvu mbili, zile taa za kioo za redio za zamani, zinakuza sauti, inatoka kule kwenda kwenye mikisa ya kwaya, mashine ya kuchanganyia sauti.

Nimekijaribu kwa redio yangu ya zamani ya valvu. Nikasema moja, mbili, tatu. Sauti nene, ya mtu aliyeshiba. Mke wangu akatoka jikoni kuangalia ni mgeni gani.

Valvu kanipa Nizar, za marehemu baba yake, zimekaa kabatini dukani miaka yote hiyo. Nizar ni rafiki yangu toka darasa la tano. Ufundi nimeujulia kwenye duka lao la vipuri, nikimchungulia baba yake. Redio za watu nimetengeneza maisha yangu yote. Hiki ndicho kitu cha kwanza nilichounda mimi. Jumapili kwaya inarekodi.

Jumapili, 15 Juni
Aibu.

Baada ya misa nikaunga kisanduku kwenye mikisa. Kwaya ikaimba. Kilichotoka ni sauti ya mbu ndani ya kopo. Wanawake wanasikika kwa mbali, wanaume wa besi hawapo kabisa. Mwalimu Bona, kiongozi wa kwaya, akavua vifaa vya masikioni akaniuliza, "Fundi, besi wangu umewapeleka wapi?" Mama mmoja akasema labda wameshuka njiani Mikese kununua mahindi ya kuchoma. Kanisa zima likacheka. Nikacheka na mimi, kicheko cha uongo.

Wameahirisha hadi Jumamosi ya tarehe 28.

Jumatatu, 16 Juni
Nimepima kila kitu. Rezista sawa, transfoma sawa. Kwenye tundu la kutokea mita inaonyesha volti zote, haipungui hata moja. Kwenye redio yangu kinaimba vizuri.

Basi ni valvu. Zimezeeka. Dakika kumi nyumbani zinavumilia, kanisani zikipata moto zinakata tamaa. Sioni kingine.

Jumatano, 18 Juni
Shabani, anayeuza nyaya jirani na duka la Nizar, kanisimulia bila kuulizwa. Mwezi uliopita alikuja mtu wa Dar, akaondoka na boksi zima la valvu kutoka kwa Nizar. Mpya, karatasi zake hazijachanwa.

Kumbe. Mpya za watu wa Dar. Mimi wa kukaa naye dawati moja, wa kula biriani ya Idi kwao na yeye Krismasi kwetu, napewa makapi.

Alhamisi, 19 Juni
Nimemwendea dukani. Sikukaa. Nikamwambia valvu zako zimekufa na ulijua. Hakupandisha sauti. Akasema, "Mkude, zile nzima. Angalia unakozipeleka." Nikamwambia asinifundishe kazi. Akaendelea kupanga fyuzi zake kwenye droo.

Mtu asiye na kosa angepiga kelele. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee hawakukosea.

Jumapili, 22 Juni
Kwaya wakaniuliza tatizo nini. Nikawaambia kweli yote: Nizar kanipa valvu mbovu, nzima kawauzia watu wa Dar. Nimejisikia mwepesi, mara ya kwanza wiki hii.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mhindi ni Mhindi tu, ulitegemea nini." Baadhi wakaguna kukubali. Sikusema kitu. Nilikuwa nakunja nyaya.

Jumanne, 24 Juni
Nizar kaniachia kifurushi kwa Shabani. Valvu mbili nyingine, zimefungwa kwa kitambaa cha pamba, na kikaratasi: Jaribu hizi.

Hizo nazo zimetoka wapi? Si alisema hana nyingine? Au hakusema, sikumbuki. Ila alikuwa nazo. Mtu akirudisha, maana yake alichukua.

Jumamosi, 28 Juni
Mbu yule yule. Kopo lile lile.

Mwalimu Bona hakunitania safari hii, na hilo limeniuma zaidi. Wamerekodi bila kisanduku changu, maikrofoni moja kwa moja kwenye mikisa. Nimekaa benchi la nyuma nikisikiliza.

Kanipa mbovu mara mbili. Mara ya kwanza ningeiita bahati mbaya. Simtaki tena. Miaka hamsini nimeitupa.

Jumatano, 2 Julai
Kinole. Nimekuja kumsaidia dada Paskazia kumwagilia kabichi. Maji yanashuka kutoka chemchemi ya juu kwa mpira mwembamba, mrefu ajabu. Mdomoni kaunga bomba pana la bati analolaza mtaroni. Bomba likawa linachuruzika tu. Nikalichomoa, nikaziba mdomo wa mpira kwa kidole gumba. Maji yakanisukuma kidole. Nikamwambia nguvu ipo, bomba lako ndilo bovu.

Akaniangalia kama mtoto. "Kaka, umeziba halafu unasema nguvu ipo. Achia yatoke ndiyo uone nguvu."

Nikakaa palepale kwenye tope. Akadhani nimeanguka.

Mita ni kidole gumba. Inapima bila kunywa. Redio yangu nayo inaonja tone tu. Mikisa inakunywa. Inadai mzigo mkubwa, na kisanduku changu kinatoa kwa mpira mwembamba: njia ya kutokea ina ukinzani wa kilo-omu hamsini, mikisa ina kilo-omu kumi. Sehemu tano kati ya sita zinapotelea ndani kwangu. Na ile kapasita ndogo niliyoweka kwenye tundu la kutokea inazuia besi, wala si valvu.

Angalia unakozipeleka. Aliniambia.

Valvu zote nne nzima. Toka siku ya kwanza.

Ijumaa, 4 Julai
Nimerudi mjini nikakifungua. Kapasita kubwa. Valvu ya pili nimeiunga upya, haikuzi tena, kazi yake ni kusukuma. Nikafunga rezista ya kilo-omu kumi pale pa kutokea badala ya mikisa. Besi imebaki, nene.

Saa mbili za kazi. Nimejichukia.

Jumamosi, 5 Julai
Nimekwenda nyumbani kwa Nizar. Mama yake yuko sebuleni, macho hayaoni vizuri sasa. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu Mkude, siku nyingi. Akaniuliza kama kazi yangu ya kanisani imekwisha, maana gramafoni ya mumewe haiimbi toka Nizar achomoe valvu zake aniletee. Alisema hajali, anasubiri tu. Kila alasiri huwa anasikiliza kaswida za marehemu.

Zile mbili za kitambaa cha pamba nilikuwa nazo mfukoni, nimekuja kuzirudisha. Nikazipachika mahali pake, nikawasha. Mama akafumba macho.

Nizar akaingia. Nikamweleza yote, mpira, mikisa, ujinga wangu. Akasikiliza. Akaniambia lile boksi la Dar lilikuwa la valvu za televisheni, haziingii hata kwenye soketi yangu. Sikuwahi kuuliza.

Nikamwomba radhi kwa kumtuhumu. Akasema, "La valvu nilishakusamehe siku ileile. Fundi yeyote anakosea. Nimeambiwa yaliyosemwa kanisani, na kwamba ulikuwepo."

Nilikuwepo. Nilikuwa nakunja nyaya.

Jumapili, 6 Julai
Nimesimama mbele ya kwaya kabla ya mazoezi. Nimesema kosa lilikuwa langu, valvu zilikuwa nzima. Nikasema pia lile neno la siku ile lilikuwa baya na mimi nililinyamazia. Aliyelisema alikuwa anafunua kitabu cha nyimbo.

Kisanduku kimefanya kazi. Wamenipigia makofi. Nimetamani wasipige.

Jumatatu, 7 Julai
Nimepita dukani. Walikuwepo wateja wawili, nikasubiri zamu yangu. Nizar akaniambia, "Karibu, fundi. Nikusaidie nini?" Kwa upole, kama anavyomwambia kila mtu.

Nikaomba waya mita mbili. Akapima, akakata, akaukunja vizuri akanipa. Siuhitaji. Nimeuweka hapa mezani.