Hamira Inayonukia Vanila

Shikamoo Mama,

Dodoma ni jua kali na vumbi. Leo nimetembelea maabara moja huku Makutupora. Wanabadili vinasaba vya hamira, kisha mashine inapima maelfu ya aina kwa mkupuo na kuchagua ile inayotoa kwa wingi kemikali wanayoitaka. Mtafiti, Mrangi mcheshi, akanipa kichupa. "Nusa, dada."

"Vanila ya Bukoba," nikajibu haraka.

"Pole! Humo hakuna hata ua moja. Ni hamira imekula sukari."

Nilinusa tena, Mama. Mimi niliyekua nikichavusha vanila yako kwa kijiti, ua kwa ua, nimeshindwa kutofautisha. Ile migomba unayotaka kuing'oa ili upanue shamba la vanila, tafadhali iache kwanza, tuone bei ya vanila itakwendaje.

Mungu akutunzie mikono hiyo.

Mwanao,
Koku