Fundi wa Kufunga Msuli

Tarehe 4 Juni. Miaka mitatu na miezi miwili tangu niondoke.

Baba,

Shikamoo. Natumaini wewe na dada hamjambo, na macho hayajakusumbua zaidi. Mimi mzima, ila mgongo unanilaumu kila asubuhi kwa sababu ya zege.

Barua yako nimeipata. Daktari atakutoa mtoto wa jicho tarehe 20 Agosti, na umesema huingii chumba cha upasuaji mpaka mimi niwe nje ya mlango. Nimeelewa. Niliomba ruhusa siku ileile. Sasa sikia kilichonikuta.

Hoteli tunayoijengea ukuta ina njia moja tu ya kwenda ufukweni, na njia hiyo inakatiza mtaa wa watu. Wageni wa kiume walikuwa wanapita na vichupi, mapaja nje, mbele ya mama wakwe za watu. Mwenyekiti wa mtaa akaja kusema anayejifunika apite, asiyejifunika arudi alikotoka. Meneja akanunua misuli mia moja ya kujifunga kiunoni. Hakuna mfanyakazi aliyejua kuufunga msuli ukakaa, wote ni watu wa suruali. Mimi, kwa ujinga wangu, nikaweka sepetu chini nikasema baba yangu ni fundi cherehani na amevaa msuli maisha yake yote.

Basi nimekuwa mtu wa getini. Nimepewa kiti na mwavuli. Wanaume wazima, mmoja ana ndevu mpaka kifuani, wananyoosha mikono pembeni kama watoto wanaopimwa sare za shule, nami nawafunga. Mmoja aliuvaa shingoni. Mwingine aliutandika mchangani, akaulalia, akarudi na chupi yake katikati ya mtaa. Alidhani ni taulo. Kutwa nzima ni hivyo. Meneja anasema ruhusa hakuna mpaka apatikane mwingine anayejua kufunga.

Mwanao.


Tarehe 22 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Naandika mwenyewe, ndiyo maana mistari inapanda mlima.

Kama kazi ndiyo hiyo, ifanye sawasawa. Mtu asimame miguu mbali, upana wa mabega. Avute pande mbili zilingane, akunje huku, akunje huku, kisha ukingo wa juu auviringishe kwa nje mara tatu mpaka umbane. Halafu achuchumae na kusimama, kabla hajatoka mlangoni. Ukikaa, aende zake. Na asiushike njiani. Mwenye wasiwasi huushikashika, na mkono wake mwenyewe ndio unaoufungua.

Haya si mambo ya mwaka mzima. Mfundishe mtu, uje.

Baba yako.


Tarehe 19 Julai

Baba,

Shikamoo. Macho vipi? Nisamehe kwa kukaa kimya, huku kumewaka moto.

Kuna mgeni mmoja mnene, alikuwa mkubwa wa benki huko kwao, sasa amestaafu. Mtu wa adabu kupita kiasi. Kila siku ananiuliza huku mnasalimiaje, mzee anapishwaje. Nikamwambia mama mtu mzima msalimie kwa mikono miwili, huku umeinama. Nikamfunga, akaenda, mkono mmoja umeng'ang'ania tumbo njia nzima. Pale bombani akamkuta bibi mmoja na ndoo yake. Mzee wa benki akakumbuka somo. Akaachia tumbo, akatoa mikono yote miwili, akainama.

Msuli ukabaki chini. Ndani alikuwa na kichupi cha ukubwa wa leso.

Bibi akafunika uso kwa kanga. Njia ikafungwa siku tatu. Meneja alinipigia kelele mbele ya mafundi wote, halafu akasema ndiyo kabisa siwezi kuondoka, hoteli nzima inanitegemea mimi. Lile la kuchuchumaa sikuwa nimewaambia, maana foleni ingekuwa ndefu. Sasa hivi nawafunga kwa nguvu mpaka wanalalamika hawapumui. Wananiita Fundi. Meneja mwenyewe siku hizi ananiuliza kama nimekula. Lakini nimechoka, baba, nimechoka na matumbo ya watu. Na ruhusa sina.

Mwanao.


Tarehe 30 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Dada yako ndiye anayeandika, mimi nasema tu. Karatasi naiona nyeupe yote.

Barua yako amenisomea mara mbili. Yeye amecheka sana, mimi kidogo. Wa ndevu nimemjua, wa taulo nimemjua, wa benki nimemjua. Uliyemfundisha kufunga, hata mmoja, sijamsikia. Wewe nilikufundisha una miaka saba, asubuhi moja, kabla chai haijapoa.

Nina swali moja. Hicho kiti walichokupa, kina mto?

Baba yako.


Tarehe 9 Agosti. Miaka mitatu, miezi minne na siku tano.

Baba,

Shikamoo. Kina mto. Wa bluu.

Nilikasirika siku mbili, nikakujibu maneno mabaya moyoni. Nisamehe. Siku ya tatu nilikaa kwenye kile kiti nikakumbuka kwamba kabla ya kiti hicho hakuna aliyewahi kuniita Fundi. Mwingine hakupatikana kwa sababu mimi sikutaka apatikane.

Jumatatu nikawapanga wageni getini, wanaume kumi na wawili, na mlinzi wa geti pamoja nao. Nikaweka mikono yangu nyuma. Nikasema kama ulivyoandika: miguu, vuta, kunja, viringisha, chuchumaa. Misuli mitano ikaanguka hapohapo. Tena. Miwili ikaanguka. Wanawake wa bombani walikuwa wamesimama na ndoo zao, mmoja akauliza kama hawa wanataga. Tena. Ikakaa yote.

Mzee wa benki alichuchumaa mara nne zaidi, hakuniamini. Kisha akaenda mikono ikining'inia, akamkuta bibi yuleyule, akainama akamsalimia. Bibi akamtazama juu mpaka chini.

"Marahaba," akasema. "Leo umekuja na nguo zako."

Siku hizi wanajifunga wenyewe vyumbani. Kiti anakalia mlinzi. Mimi nimerudishwa kwenye zege na hakuna anayeniuliza kama nimekula. Nilipopeleka tena karatasi ya ruhusa, meneja aliisaini bila kuinua kichwa.

Mwambie dada asikupeleke kokote bila mimi. Natarajia kufika tarehe 18, asubuhi. Chai isipoe.

Mwanao.