Jiwe Ulilolikokea Moto

Kinampanda,
Iramba, Singida.
11 Agosti 2025

Mpendwa mjukuu wangu Fabiano,

Marahaba. Najiitikia mwenyewe, maana shikamoo yako haijafika tangu uondoke. Hujambo huko Mbeya? Kifua chako je, na baridi ya huko? Unakula ukashiba? Mimi mzima. Yanayonisumbua ni magoti, na hasira.

Naandika kwa kuwa simu yangu hupokei. Barua haina kitufe cha kukatia. Nimeishia darasa la nne, lakini haya ninayokwambia hayahitaji la tano.

Ulipokuja likizo ulisema chuoni mnasoma habari za upepo, jinsi unavyopita kwenye kitu na unavyofanya nyuma yake. Kwamba kitu kikiwa cha moto upepo wa nyuma unabadilika, kikipoa unabadilika tena. Nikakwambia hilo wanawake wa hapa tunalijua kwa macho. Asubuhi jiwe letu kubwa la uwanjani likiwa na ubaridi wa usiku, tunapepeta uwele nyuma yake na makapi yanatua chini, mara kushoto, mara kulia. Jua likishalichoma, na upepo ni mdogo, makapi yanapanda juu yanaturudia usoni. Ndiyo maana tunawahi asubuhi.

Sikukukataza kutazama. Ulichana kanga yangu iliyochakaa ukafunga vitambaa kwenye fito nyuma ya jiwe, nikakaa nawe tukaviangalia vikiyumba huku na huku. Nilifurahi, sikufichi.

Kisha nikaenda msibani Shelui, nikakuacha na shangazi yako Yustina. Ameniambia yote. Ulichukua kuni nilizoweka kwa ajili ya masika, ukalikokea jiwe moto tangu alfajiri. Anasema vitambaa viliacha kuyumba vikainuka juu, nawe ukarukaruka kama ndama. Haya. Halafu ukataka kuona na upepo wa jiwe la baridi siku hiyo hiyo, ukalimwagia maji ya kisima likiwa bado la moto. Likalia, likapasuka kutoka juu mpaka chini.

Fabiano, wewe umezaliwa Iramba. Wapasua kokoto umewaona tangu unabebwa mgongoni: wanachoma jiwe, wanamwaga maji, wanashika nyundo. Haraka ilikuwa ya nini? Jua linalichoma jiwe lile kila siku bila kuni, na usiku unalipoza bila ndoo. Ungekaa kitako tu ungeviona vyote viwili.

Lingekuwa jiwe peke yake ningelia nikanyamaza. Lakini Yustina alipokuzuia ulimwambia, "Bibi ameruhusu." Niliruhusu lini? Nilikuwa wapi?

Baba yako mdogo Zefania unamjua. Siku nyingi anataka jiwe lile alifanye kokoto, nami nakataa. Aliahidi mbele ya balozi wetu wa nyumba kumi kwamba bila ruhusa yangu hataligusa. Sasa ameona ufa. Nilipokataa tena akanijibu watu wakisikia, "Mama, mwanao unamkataza, mjukuu unampa? Limeshafunguliwa, acha tulimalize." Nikasema sikuruhusu. Yustina akainamisha kichwa, maana yeye alisikia vingine kwako. Nikaonekana mwongo, mzee mzima, kwenye uwanja wangu mwenyewe.

Lori linakuja Jumatano ya wiki ijayo. Ufa ni mmoja, jiwe bado limesimama na upepo bado linaukata; jana nimepepeta ungo mmoja pale nikaona. Likiondoka tutapepetea wapi, mimi na Yustina na mama Antipasi na wote wanaokuja na vikapu vyao? Upepo wa huku unaujua. Pale wazi unachukua makapi na uwele pamoja.

Sitaki pole zako. Sitaki uniambie ulichoandika kwenye karatasi za chuo. Nataka upande basi, uje usimame mbele ya Zefania na balozi, useme kwamba bibi hakuruhusu na wewe ulidanganya. Ujumbe wa simu usitume. Zefania atasema nimekuomba uuandike, na hapo sitamlaumu.

Utaona aibu, najua. Mimi ninayo tayari, na si yangu. Njoo uichukue.

Shangazi yako Yustina anakusalimu, ingawa kwa mdomo mzito. Mama Antipasi anakusalimu na anauliza kama vitambaa vile vilikuwa dawa. Baba yako mdogo Zefania naye anakusalimu, tena anakushukuru sana. Hiyo ndiyo salamu iliyoniuma kuliko zote kuiandika.

Mungu akulinde njiani, maana natumaini hapo ndipo ulipo.

Mimi bibi yako ninayekupenda, na nimekukasirikia,
Febronia