Mlango wa Boila ya Baba

Nyumbani kwa Lenz,
mwisho wa Oktoba

Dada yangu Roswitha,

Salamu nyingi kutoka huku milimani, na nyingine nyingi juu yake. Natumaini wewe, shemeji Dietmar na watoto hamjambo huko Graz, na kwamba kile kikohozi chako kimeshakwenda zake. Sisi hatujambo. Mama ni mzima, anakula, anagomba, na jana kanifukuza jikoni kwa mwiko kwa sababu nilionja jamu ya plamu kabla haijapoa. Kwa hiyo ondoa shaka.

Najua tabia yako, barua huanza kuisoma mwisho. Safari hii nakuomba, kwa heshima ya marehemu baba, anza juu ushuke chini kama watu wengine. Nina habari ya kukupa, na ukiirukia utaielewa vibaya.

Kwanza, ukisikia kwamba tumebomoa ukuta wa nyumba, usishtuke. Ni kweli tumebomoa. Ule wa chumba cha chini, upande wa bustani. Umeshajengwa tena, na nimeupaka chokaa mwenyewe, umepinda kidogo lakini umesimama.

Ilianza hivi. Mwezi wa tisa alikuja Edeltraud, yule mama anayesafisha dohani za kijiji kizima. Alipanda juu, akateremsha brashi yake, akashuka mweusi hadi masikioni, na alichokitoa mle ndani hakikuwa masizi. Ilikuwa lami, dada, lami nyeusi inayong'aa, imeganda vipandevipande. Akanitazama kwa huruma, kama daktari anavyomtazama mlevi. Akaniambia, tena palepale uani kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe, kwamba katika nyumba hii kuna mtu anachoma kuni mbichi.

Kuni mbichi! Kwangu mimi! Afadhali angeniambia nimeiba sanduku la sadaka kanisani. Wewe umekaa mjini siku nyingi, lakini hujasahau kwamba hapa kwetu mtu hapimwi kwa gari lake, anapimwa kwa kuni zake. Kuni zangu hukaa juani kiangazi mara mbili kabla hazijaonja moto. Nimezipanga ukutani zimenyooka namna ile, hata padri akipita huvua kofia. Nikamwambia Edeltraud kwamba labda amekosea nyumba. Akajibu kwamba dohani haisemi uongo, akanywa kikombe chake cha mvinyo wa tufaha, akaenda.

Basi nani alikuwa upande wa pili wa ua akijifanya anaokota majani? Vinzenz. Jirani mwema kuliko wote, ila mdomo wake hauna kifuniko. Kabla jua halijazama, habari ilikuwa imefika kilabuni. Nilipoingia Ijumaa nikakuta kwenye kiti changu wameniwekea tawi bichi lenye majani yake, limefungwa utepe. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Vinzenz akaniuliza kama mwaka huu nitavuna kuni au nitazimwagilia kwanza. Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa naungua.

Nikamwita fundi Trummer aikague boila yenyewe, lile jiko kubwa la chuma la baba linalopasha maji na nyumba nzima joto. Alijilaza chini na tochi, akagongagonga, akatoka akifuta mikono. Akaniambia tumbo la boila limeliwa na lami, na maji yameanza kupenya. Njia ni mbili. Anaweza kuchomelea bati pale palipooza, tukavuka baridi hii, ya mwakani Mungu anajua. Au tuitoe tununue mpya. Nikamuuliza, tutaitoaje? Akaangalia boila, akaangalia mlango wa chumba, akaangua kicheko. Unakumbuka baba alivyofanya: baridi ilikuwa inakaribia, akaiweka boila kwanza, halafu ndipo akajenga kuta kuizunguka, akaacha mlango wa kupita mtu mwembamba. Wanakijiji walimtania maisha yake yote kwamba Lenz hakujenga nyumba, alijengea moto kaburi.

Mimi nilikuwa nimeshaamua: itengenezwe. Si kwa ajili ya ukuta, ni kwa ajili ya mama. Wewe mwenyewe umeona anavyoipangusa kila Jumamosi, na yale matawi ya Jumapili ya Mitende anayoyachomeka juu yake kila mwaka. Nilisema moyoni, nikiitoa boila hii nimemzika baba mara ya pili mbele ya macho yake. Nilipomuuliza, alijibu tu kwamba nifanye nitakavyo, yeye ni mzee, hana neno. Na wewe unajua mama akisema hana neno, maneno yapo gunia zima. Nikamwambia asijali, boila ya baba itatuzika sote. Akainuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Trummer akaahidi kuja Alhamisi na mitambo yake ya kuchomelea. Jumatano jioni nikampigia simu nikamwambia aache, nataka mpya. Alidhani nimelewa. Kwa nini nilibadili nia, utajua ukifika chini. Nimesema usiruke!

Kazi ya kuitoa waliifanya wazima moto wetu wa kijijini, wale wale wa kujitolea, maana hapa moto wenyewe hutokea mara chache na vijana wanakufa kwa hamu ya kutumia magari yao. Walikuja Jumamosi wamevaa kofia za chuma kana kwamba nyumba inaungua. Wakabomoa ukuta, wakaifunga boila minyororo, wakaivuta kwa winchi. Ikatoka polepole, nzito, imekunja uso, na mlango wake ukafunguka ukawa unabembea. Vinzenz akapiga saluti. Mimi, nisikufiche, machozi yalinitoka. Nilimkumbuka baba amechuchumaa pale na kiberiti. Mama alisimama dirishani, uso mkavu, akauliza kama wale vijana wamekanyaga maboga yake.

Boila mpya ikaingia, ukuta ukafungwa, tukawasha. Ina pipa kubwa la maji ubavuni linalotunza joto: nikiwasha alfajiri kabla ya kwenda kiwandani kupasua mbao, nyumba inabaki na joto mpaka usiku. Haihitaji mtu kuongeza kuni mchana. Kisha mama akaandaa chakula: nyama ya moshi, mkate, maharage yaliyoogeshwa mafuta meusi ya mbegu za maboga, na mvinyo wa tufaha wa Vinzenz, ambao ni mchachu mpaka unafunga taya.

Katikati ya kula, Edeltraud, aliyekuja kukagua dohani ya boila mpya, akarudia lile lile. Akasema boila mpya ni nzuri, lakini kama mchoma kuni mbichi hajatubu, baada ya miaka michache tutabomoa ukuta tena. Meza nzima ikanigeukia. Mama alikuwa ameshika bakuli la maharage.

Nikasimama, dada. Nikasema ni mimi. Nikasema nilikuwa mvivu, kuni kavu ziko mbali, nikawa naokota vijiti vibichi vya kando ya kijito na kuvitupia humo, basi naomba radhi kwa kijiji kizima. Weee! Ungesikia kelele! Vinzenz aligonga meza mpaka bilauri zikaruka. Trummer alisema alijua tangu siku ya kwanza. Na mama yetu mzazi, mwanamke mcha Mungu, akaweka bakuli chini, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akawaambia: “Nilimwambia hizo kuni bado. Huyu mtoto tangu azaliwe hasikii.”

Sasa, dada Roswitha, kaa kitako. Tupo mimi na wewe tu hapa.

Ile Jumatano, msumeno mkubwa wa kiwandani ulikatika, tukaachiwa mapema. Nilipofika kwenye kona ya kanisa nikaona dohani yetu inatoa moshi mzito wa manjano, moshi wa kuni mbichi hasa, hata mtoto anaujua. Nikasema leo ni leo, leo nitamkamata huyo mchawi. Nikashuka chini kwa kunyata.

Nikamkuta mama. Amekaa kwenye gogo la kupasulia kuni, kikapu cha vijiti vibichi miguuni, vingine bado vina majani. Ameipitisha fimbo ya kutembelea ya baba kwenye mpini wa mlango wa boila, na anauvuta kwa mwili wake wote, kama mtu anayevuta ndama, mara moja, mara mbili, mlango haujibu. Anapumzika. Anavuta tena. Nikasimama pale kizani. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema ufanye nini ukikuta ni mama yako.

Aliponiona hakushtuka. Akaniambia kwa ukali nisisimame kama nguzo, nije nimfungulie mlango. Nikafungua. Kisha akanionyesha mikono yake. Dada, vifundo vimevimba kama vitunguu. Kumbe vile alivyokuwa akivaa glovu hata ndani ya nyumba haikuwa baridi.

Akanieleza yote, akitazama moto, si mimi. Kwamba tangu baridi iliyopita hawezi kufungua ule mlango kwa mkono. Moto wa asubuhi ulikuwa ukifa mchana, na nikirudi nikikuta nyumba baridi nitauliza kwa nini, nikiuliza itabidi aseme, akisema nitakuambia wewe. Na wewe, Pasaka ya mwaka jana, ulimletea zile karatasi zenye picha za nyumba ya wazee, vile vyumba vyeupe vyenye maua ya plastiki. Akasema uliziacha mezani bila neno, na yeye akaelewa kwamba kinachongojwa ni siku atakayoshindwa na jambo moja. Basi akaapa jambo hilo halitakuwa mlango.

Nikamuuliza kwa nini hakusema tu kwamba anataka boila mpya. Akasema alijaribu, lakini kila akianza mimi namkatiza na sifa za boila ya baba, mpaka akaona kumwambia ukweli ni kuniua. Akaamua kuiua boila. Mtu aliyeitunza maisha yake yote alijua vizuri kinachoiua: kuni mbichi na lami yake. Nikamuuliza na kuipangusa kila Jumamosi je? Akasema uchafu ni uchafu, hata wa adui. Alaa! Anaichukia, dada! Ameichukia tangu siku ilipoletwa, maana baba aliinunua kwa pesa za cherehani aliyokuwa amemwahidi.

Tulicheka pale chini, mimi na yeye, mpaka moto ukakaribia kuzimika. Kisha akalia kidogo. Akanishika mkono na kuniambia nisimwambie mtu, na wewe hasa. Nikaapa. Na sasa nimeshavunja kiapo, Mungu anisamehe, kwa sababu wewe si mtu baki, na najua zile karatasi hukuzileta kwa ubaya. Ulikuwa unaogopa, kama mimi. Lakini mimi nikae na huyu mama nyumba moja, na vifundo vile nisivione, halafu nijisifu najua kuni! Kesho nampeleka kwa daktari wa viungo, nimemwambia tunakwenda kununua mbegu.

Boila mpya mlango wake uko usawa wa kiuno, na unafunguka kwa kidole kimoja. Haina haja ya kuongezwa mchana, nimemwambia mara nyingi, ng'o! Kila mchana anashuka, anafungua kwa kidole, anatupia kipande kimoja cha kuni kavu, anafunga. Anasema moto unapenda kutazamwa.

Msalimie sana shemeji Dietmar, wabusu watoto. Mama anakusalimu na anakutumia chupa za jamu, moja imepungua, usiulize. Krismasi mje mapema kabla theluji haijafunga njia, na ukija, usije na karatasi.

Na ukipita kilabuni watakuambia kwamba mdogo wako ni mvivu, anachoma kuni mbichi, amemwaibisha mama yake mzee. Usinitetee hata kidogo. Cheka nao, dada, cheka sana, kisha njoo nyumbani upate joto.

Mdogo wako akupendaye,

Ägid