Mama Nerima Aisalimia Programu Yangu

Jumanne, 4 Machi 2025
Aibu gani hii! Leo programu yangu imekutana na watu wa kweli — darasa la kompyuta la watu wazima, hapa mtaani Free Area. Unaandika amri kwa Kiswahili, unabonyeza Enter, inaitekeleza hapo hapo, kisha inasubiri mstari mwingine. Kazi ya miezi minane. Mama Nerima, mstaafu wa kiwandani, alikaa wa kwanza. Akaandika: habari ya asubuhi. Programu haikuyajua maneno hayo — ikajifunga! Akaniuliza amekosea wapi, yeye amesalimia tu. Kwani mtu huanza kuagiza bila salamu? Wengine wanne wakafanya vile vile. Mwalimu Ruqaiya amenipa hadi Ijumaa. Ikiwafukuza tena wanafunzi wake, anarudia programu ya Kiingereza waliyokuwa wakitumia.

Jumatano, 5 Machi
Siwezi kumkasirikia Mama Nerima. Nimeijaribu programu hii mara elfu, sijawahi kuisalimia hata siku moja. Bila yeye nisingejua.
Mathenge, niliyesoma naye, amekuja kutoka Rongai, tumeshinda pamoja. Kosa dogo lolote lilikuwa linazima kila kitu! Sasa linaharibu mstari mmoja tu. Programu inasema haijaelewa, inarudi kusubiri. Na salamu inaitikia: Njema, karibu. Rafiki kama huyu nimshukuru vipi?

Alhamisi, 6 Machi
Jambo moja zaidi. Amri ya rudia huchukua mistari kadhaa, hadi uandike tamati. Ukibonyeza Enter kabla ya hapo, zinatokea nukta tatu — yaani endelea, bado nakusikiliza. Imekubali! Nimefurahi hadi nikaunguza ugali.

Ijumaa, 7 Machi
Niko nyuma ya darasa, naandika. Ruqaiya amenikataza kusema neno lolote.
Mama Nerima amesalimia. Imemwitikia! Darasa zima limecheka, machozi yakanilengalenga. Asante Mungu. Amekosea mara mbili, haijamfukuza. Sasa ameandika rudia mara 5. Enter. Nukta tatu.
Amekunja mikono. Dakika moja. Mbili. Jirani yake anamwuliza mbona haandiki.
"Shh! Huoni hizo nukta? Inafikiria. Wacha imalize."
Jamani, inamsubiri yeye! Ruqaiya ananitazama. Nimeuma kalamu. Mama Nerima amesogeza kiti karibu na skrini, anaiambia kwa upole, "Chukua time yako. Mimi sina haraka."