Upande Wako wa Tanuru

Nyumbani kwa marehemu Mzee Enoka,
S.L.P. 27,
Tunduma.
20 Septemba, 1998

Mpendwa mdogo wangu Boazi,

Salamu nyingi zikufikie huko Kitwe, wewe, mkeo na wanao ambao sura zao tunazijua kwa picha moja tu, nayo imeanza kufifia. Hamjambo? Na ule mgongo uliolalamikia mwaka juzi unaendeleaje? Najua mafundi magari wote huugua mgongo, ila wewe ulianza kulalamika hata kabla hujashika spana. Au nikusalimu "mulishani" kwa Kibemba cha huko ndiyo ujue kuwa ni wewe unayesalimiwa?

Sisi huku tu wazima, Mungu anatusaidia. Shangazi Restuta macho yamepungua nguvu, lakini ulimi uko palepale. Mimi nimemaliza kuchuma kahawa. Bei yake usiniulize, nisije nikaharibu barua.

Julai ilikuwa ya baridi kali, ule ukungu wa kukaa mpaka saa nne. Nikakumbuka tulivyokuwa tukikimbilia ndani ya tanuru la Babu kukwepa upepo, wewe na mimi na yule mbuzi wako mtundu, tukila viazi vya kuchoma. Siku hizi watoto hawaingii mle. Wanasema mna nyoka. Iliniuma kusikia hivyo.

Habari kubwa ni ya hilo tanuru. Mvua za El Nino ziliangusha lile paa la nyasi aliloezeka Baba mwaka wake wa mwisho, na udongo wa juu ukaanza kumeguka. Likinyeshewa msimu mwingine bila paa, tutabaki na kichuguu. Nalo ndilo la mwisho, maana yale mawili ya ng'ambo ya mto watu waliyabomoa wakafyatulia matofali. Babu aliyeyushia chuma humo, na majembe yaliyotoka humo ndiyo yaliyolipa mahari ya nusu ya bibi zetu. Nyasi za kuezekea nazo zimeadimika, mashamba yamezimaliza. Tulihitaji bati.

Basi tukaunda kikundi, nami nikachaguliwa katibu kwa kuwa nina kelele. Mwalimu Lwitiko wa shule ya msingi alikuwa amesikia kwamba Dar es Salaam wapo wafadhili wanaotoa ruzuku ya kuhifadhi vitu vya kale. Sikuamini. Nani atoe fedha kwa ajili ya udongo? Hata hivyo tuliandika andiko letu, tukateremka nalo Tunduma kwa Ashraf, yule mpiga chapa. Wafadhili wana maswali, Boazi! Walitaka kujua tanuru litakuwa limefikia lengo gani baada ya miaka mitano. Nikamwambia Lwitiko aandike kwamba lengo lake ni kusimama. Alicheka mpaka akavua miwani, lakini aliandika.

Nilikuwa nimeshakata tamaa, mara ikaja barua kwamba mtaalamu wao atafika kulikagua. Unawajua watu wetu. Mgeni njoo mwenyeji apone! Njia ikafagiliwa, mawe ya kando yakapakwa chokaa kama anakuja mkuu wa mkoa, na Shangazi akawaita wana ukoo walikandike tanuru, kila mmoja upande wake, kama Baba alivyokuwa akitusimamia kila mwaka baada ya mavuno. Tulikanyaga udongo mwekundu kwa miguu, tukaimba, kila mmoja akaziba nyufa za upande wake. Jioni lilikuwa laini linang'aa. Nilipolitazama nilimwona Baba kabisa, amekunja suruali, mikono imejaa udongo hadi viwikoni. Nililia, sikufichi.

Mtaalamu akaja, bwana mmoja mpole anaitwa Masumbuko. Akalitazama kwa mbele, kisha akaniuliza, "Mama, na lile la zamani liko wapi?"

Nikamwambia ndilo hilo. Akaeleza kwamba fedha zao ni za kutunza kitu kama kilivyokuwa, na hili sasa lilionekana kama limejengwa juzi. Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Shangazi yeye hakutamani chochote, alimkabili palepale.

"Baba yangu alilikandika, kaka yangu akalikandika. Lingeachwa kama unavyotaka wewe, leo ungekuta nini hapa?"

Bwana wa watu akazunguka nyuma ya tanuru, nadhani ili amkwepe Shangazi, na huko akakutana na upande wako.

Labda hujui habari ya upande wako. Tangu uondoke mwaka themanini na tano hakuna aliyeugusa. Mwaka ule wa kwanza nilitaka kukukandikia, Baba akanishika mkono. "Hapo ni pa Boazi. Atakuja mwenyewe." Mwaka uliofuata vilevile, na uliofuata, mpaka alipofariki. Kwa hiyo mvua imepamenya taratibu, na tabaka za zamani zote zinaonekana, nyekundu, ya kijivu, na nyeusi ya moshi wa Babu huko ndani kabisa. Ukingoni, pale ambapo hapajamenyeka, mistari ya vidole vyako bado ipo.

Masumbuko alipiga magoti hapo. Alipiga picha mpaka filamu ikaisha. Akasema kwa ajili ya upande huo mmoja ruzuku itapatikana, bati na uzio, bila wasiwasi. Sharti ni kwamba upande huo usikandikwe tena, na yeyote, milele. Watu wakapiga vigelegele, mimi wa kwanza. Shangazi akasema, "Subirini. Huo upande una mwenyewe."

Jibu linatakiwa mwezi ujao. Lwitiko anataka tukubali, na kwa kweli mimi nilikuwa naye. Nilikaa chini nikuandikie barua fupi tu, kwamba andika "nakubali" umrudishie Ramadhan, huyu dereva wa lori anayekuletea barua hii, mambo yaishe.

Ila Jumapili baada ya ibada nilikwenda kukaa kule nyuma peke yangu, nikautazama ule upande kwa muda mrefu. Hukuja Baba alipougua. Hukuja tulipomzika, na sitakuandikia ule msemo wa anayekataa kwao, unaujua. Nilikukasirikia sana, Boazi. Halafu nikaona jambo: watu hawa wanataka kutulipa ili pengo lako lisizibwe. Nikishaweka sahihi, hata ukija, utasimama nje ya uzio.

Sitaki bati la namna hiyo. Nimemwambia Shangazi, naye ameniambia nimechelewa kujua. Tutawatafuta wafadhili wengine, na kama hawapo, nyasi tutazifuata Msangano tuzibebe kichwani. Lwitiko amenuna, yatamwisha.

Shangazi Restuta anakusalimu na kukuuliza kama huko wanakulisha. Ezron, mtoto wa marehemu kaka, amepata binti na kampa jina la mama yetu. Mwalimu Lwitiko naye anakusalimu pamoja na kununa kwake. Wasalimie wote nyumbani kwako. Mungu akunyooshee mgongo na njia.

Ramadhan anarudi mwisho wa mwezi, na kiti cha mbele amekuwekea. Udongo nimeshauchimba. Njoo ukandike upande wako.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata ukinikasirisha,

Ferista