Maji ya Mihogo

Mdogo wangu Neema,

Tuko wazima hapa kambini Nakivale. Mtoto ameota jino la pili na ananiuma bila huruma. Mama anakutumia salamu mingi.

Barua yako ya kutoka shuleni Mbarara nimeisoma mara mbili. Unauliza: katika kundi la bakteria, mbona wengine wanajichosha kutoa majimaji ya kulainisha chakula, wenzao wanakula na kuzaana, na bado hao wachovu hawatoweki? Halafu chini unaandika kwamba utaacha masomo uje kunisaidia kulima.

Unakumbuka tulipofika hapa, nililowesha mihogo ya fufu, ule ugali wetu, nikawa namwaga maji kila siku, nikidhani ndio usafi? Ikabaki migumu. Mama akacheka: "Weye, wenye kufanya kazi umewamwaga inje."

Kumbe ni bakteria wa kwenye maji yale wanaolainisha mihogo, na nadhani jibu liko humo. Wakikaa pamoja, anachotoa mmoja kinamlisha ndugu yake wa damu, na ndugu akizaa, ukoo wa yule mchovu unaendelea. Ukiwatawanya, ametokwa jasho bure.

Nimechoka kulima ili usome, ndiyo. Lakini usinimwagie maji yangu. Njoo Jumamosi ule fufu, Jumapili urudi shuleni.

Dada yako,
Furaha